Wadudu waliogoma: uchambuzi wa kisa cha udongo ulioloa dizeli mjini Kigoma

Mtaa, aina ya biashara na majina yote yameondolewa, na miezi imesogezwa kidogo. Majibu ya maabara yamekadiriwa kwa mamia ya karibu. Ninayeandika ndiye niliyesimamia kazi, kwa hiyo makosa mengi yatakayosomwa humu ni yangu.

## Yadi na tangi lililosahauliwa

Kwa miaka mingi umeme wa Kigoma ulitoka kwenye mitambo ya dizeli, na mwenye chumba baridi hakuthubutu kuutegemea huo tu. Yadi hii ilikuwa na jenereta yake. Tangi la chuma la lita 5,000 lilipandishwa juu ya nguzo fupi za matofali, na bomba likashuka hadi kwenye jenereta, hatua kumi hivi kutoka hapo. Gridi ya Taifa ilipofika, jenereta ikapumzishwa. Kijana aliyeihudumia akapelekwa kazi nyingine. Mafuta yakabaki tangini, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kwenda kuyatazama.

Kiungo kimoja cha bomba kilikuwa kinavuja. Aliyegundua hakuwa mtu wa yadi. Alikuwa mama jirani wa upande wa chini, aliyekuja kugonga geti mwishoni mwa Juni akilalamika kwamba mchaichai wake kando ya ukuta umekauka wakati kiangazi ndio kwanza kimeanza, na kwamba udongo wa pale "unanuka stendi." Msimamizi wa yadi akashusha kijiti cha kupimia tangini, akalinganisha na daftari. Lita 1,100 hazikuwepo.

Mzee mwenye yadi aliniita siku ya tatu. Alinipokea kwa "karibu, bwana shamba," jina ambalo huku hupewa yeyote anayeonekana akishika udongo bila jembe, na kabla sijakaa akaniambia anachotaka: eneo lile liwe maegesho ya magari, na pembeni iwepo bustani ya mboga ya nyumbani. Nilimwambia la maegesho linawezekana. La mboga sikumjibu siku ile.

## Tulichokikuta chini

Tulichimba vishimo 11 vya majaribio. Kila kishimo tulichukua udongo wa juu, wa kati na wa chini, tukautia kwenye chupa yenye maji, tukatikisa na kuacha utulie. Penye dizeli, utando wenye rangi za upinde wa mvua ulipanda juu ya maji. Kipimo hiki hakina gharama, na kilituchorea ramani nzuri kuliko nilivyotarajia.

Ramani hiyo, pamoja na kumbukumbu ya mtu mmoja, ilitupa madoa matatu, na kisa chote kinasimama hapo.

Doa la kwanza lilikuwa la dizeli: mita 9 kwa 6, kina cha sentimita 60 kwa wastani. Chini ya hapo kulikuwa na tabaka gumu la changarawe nyekundu ambalo liliyazuia mafuta yasishuke, lakini likayasukuma kwenda upande, kufuata mteremko, hadi kwa mama jirani. Hesabu ilitoa mita za ujazo 32, yaani karibu tani 48 za udongo.

Doa la pili lilikuwa chini ya jenereta yenyewe. Hapo palikuwa na oili chafu ya miaka yote iliyomwagwa kila injini ilipobadilishiwa oili. Udongo ulikuwa mweusi, umeshikana kama lami ya zamani. Mita za ujazo 3 tu.

Doa la tatu ningelipita kama si kijana wa zamani wa jenereta, ambaye alisimama nyuma ya stoo akasema, "Hapa ndipo tulipokuwa tukipasulia betri." Tulipofukua kidogo tukakuta vipande vya maganda meusi, na vibati vya kijivu vyenye unga mweupe. Hiyo ni risasi, metali ya sumu iliyomo ndani ya betri. Udongo wake haukuzidi toroli kumi.

Sampuli za madoa yote matatu zilisafiri hadi maabara ya Dar es Salaam ndani ya chupa za kioo, kwenye kasha lililojaa barafu ya samaki. Majibu ya jumla ya mafuta yatokanayo na mafuta ghafi, dizeli na oili zikiwemo, yalikuwa miligramu 17,400 kwa kila kilo ya udongo kwenye doa la dizeli, na 31,000 kwenye doa la oili. Uchachu wa doa la dizeli ulisoma pH 5.2 (7 ni katikati, na chini yake ni uchachu).

## Siku za kwanza

Mafuta yaliyobaki tangini yalinyonywa na kuwekwa kwenye mapipa siku ile ile. Ukutani, upande wa chini, tulichimba mtaro wa kina cha sentimita 80, hadi kwenye tabaka gumu, tukaujaza pumba za mpunga zinyonye kitakachoteremka. Sigara zilipigwa marufuku. Taarifa ilipelekwa kwa ofisa mazingira wa halmashauri. Mzee alisita hapo, akiogopa faini, lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaweka gharama ya uchafuzi juu ya mchafuzi, na jirani alikuwa ameshalalamika. Kuficha kungeongeza kosa juu ya kosa.

Mama jirani ana kisima mita 40 hivi kutoka ukutani. Hatukuona utando wala kusikia harufu, ila tulimwomba asiyanywe maji yale hadi majibu yatoke, na yadi ikampelekea ndoo za maji kila siku kwa wiki tatu. Majibu yalikuwa safi. Gharama ya zile ndoo ilikuwa ndogo kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii, na ndiyo iliyotupa utulivu wa kufanya mengine bila kelele ukutani.

## Njia zilizopendekezwa, na kwa nini zilikataliwa

Mwenye tipa alikuwa wa kwanza. Angezoa udongo wote kwa siku mbili, na angeutumia kama kifusi kwenye viwanja vya bondeni. Yaani dizeli ingehamia chini ya misingi ya nyumba za watu wengine, karibu zaidi na ziwa. Bei yake ilikuwa nzuri sana, na nadhani kama jirani asingegonga geti, ndiyo njia ambayo ingefuatwa.

Wengine walishauri tuuchome. Dizeli iliyoingia kwenye udongo wa mfinyanzi haiwaki hadi iishe. Inatoa moshi mweusi na kuacha nusu yake humo humo. Mwingine alileta hoja ya sabuni ya unga. Sabuni huyafungua mafuta kutoka kwenye chembe za udongo, jambo ambalo lina faida yake mahali penye mabomba ya kuyanyonya. Kwetu ingeyafungua yateremke kwa mama jirani.

Pendekezo la nne lilinichukua muda kulikataa, maana lilikuja limevaa suti. Muuzaji mmoja alileta madumu ya "bakteria wanaokula mafuta." Bakteria hao wapo kweli. Jamii za Pseudomonas na Rhodococcus zinaivunja minyororo ya kaboni ya dizeli na kuitumia kama chakula. Lakini zimo tayari katika udongo wa karibu kila mahali, na mahali palipomwagikiwa mafuta kwa wiki kadhaa huwa zimeshaongezeka zenyewe. Meli ya Exxon Valdez ilipomwaga mafuta ghafi kwenye pwani ya Alaska mwaka 1989, kilichomwagwa kwenye fukwe kuwasaidia bakteria kilikuwa mbolea. Bakteria wenyeji walikuwepo, walikosa kitoweo cha kulia ugali. Nilimwambia Mzee tununue kitoweo.

Tukachagua kuufukua udongo, kuupanga kwenye matuta juu ya turubai, kuulisha, kuumwagilia na kuugeuza. Kuutandaza kwa unene wa sentimita 30 kungehitaji zaidi ya mita za mraba 100, na yadi haikuwa na nafasi hiyo. Matuta mawili ya urefu wa mita 12, kimo mita 1, yalienea vizuri kando ya ukuta wa juu. Tuliyaita Tuta la Kwanza na Tuta la Pili, na vibarua wakaanza kuuliza kila asubuhi "wadudu wameamkaje," yaani bakteria.

## Hesabu ya chakula

Nitaieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndipo tulipoanguka.

Lita 1,100 za dizeli zina uzito wa kilo 920 hivi, na takriban kilo 790 za uzito huo ni kaboni. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kwa kila sehemu 100 za kaboni, bakteria wanahitaji sehemu 10 za naitrojeni na 1 ya fosforasi. Kwa hiyo kilo 79 za naitrojeni na kilo 8 za fosforasi. Kanuni hii ni ya kukadiria, kwa kuwa kaboni nyingi hutoka kama hewa ukaa bila kujenga mwili wa bakteria, lakini ni mahali salama pa kuanzia.

Samadi ya kuku ya wafugaji wa karibu ilikuwa kavu. Tuliikadiria kuwa na naitrojeni asilimia 2. Magunia 60 ya kilo 25 yangetupa kilo 30 za naitrojeni na fosforasi ya kutosha na kusaza. Magunia mawili ya yurea ya kilo 50, yenye naitrojeni asilimia 46, yangeongeza kilo nyingine 46. Jumla kilo 76. Karibu sana na shabaha.

Halafu hewa. Kila kilo ya mafuta ikiliwa hadi mwisho inadai zaidi ya kilo 3 za oksijeni. Kwa dizeli yetu hiyo ni tani 3 za oksijeni, na ukitaka kuipata kwenye hewa ya kawaida unahitaji zaidi ya mita za ujazo 10,000 za hewa kupita ndani ya udongo wa mfinyanzi. Niliporudia hesabu hiyo mbele ya vibarua, mmoja alisema, "Kumbe sisi ndio mapafu." Hakuna aliyenisaidia kuieleza kazi ya kugeuza matuta kuliko yeye.

Ili udongo upumue tulihitaji kitu cha kuulegeza. Kigoma ni nchi ya michikichi, na makapi ya mawese yalipatikana bure. Niliyakataa. Makapi yanabaki na mawese ndani yake, na bakteria aliyepewa mawese na dizeli ataanza na mawese. Zaidi ya hapo, kipimo cha maabara kisichochuja mafuta ya mimea kingeweza kuyahesabu mawese kama uchafuzi. Tukachukua maranda ya seremala, mita za ujazo 8. Pumba za mpunga zingekuwa bora, lakini tulikuwa tumezimalizia kwenye mtaro.

## Wiki sita za kujidanganya

Udongo ulikuwa mchachu, na bakteria hawa hupenda pH kati ya 6 na 8. Tulichukua majivu kutoka kwenye majiko ya kupikia mawese, na siku ya kupanga matuta tukachanganya vyote kwa pamoja: udongo, maranda, samadi, majivu.

Jioni ile yadi nzima ilinuka choo cha stendi. Macho yalituwasha. Mama jirani akagonga tena.

Ilikuwa amonia. Majivu yalikuwa makali kuliko tulivyodhani, yakapandisha pH hadi 8.3, na katika hali hiyo naitrojeni ya samadi hugeuka hewa na kuondoka. Tulikuwa tumenunua chakula, tukakibeba, tukakichanganya kwa mikono yetu, kisha tukakipeperusha juu ya mtaa. Kanuni ya kutochanganya majivu na samadi mbichi au yurea naijua tangu chuoni. Siku ile nilikuwa na vibarua wanane wanaolipwa kwa siku, na nilitaka kumaliza kwa mara moja.

Kosa la pili lilifuata lile la kwanza. Nilihofia yurea nayo ingepotea vivyo hivyo, nikaahirisha kuiweka. Mzee alifurahi kwa sababu yake mwenyewe, maana yurea ilikuwa na bei. Maranda yakabaki pale, kaboni tupu isiyo na naitrojeni ya kusema, yakigombania na dizeli kile kidogo kilichosalia.

Matuta yaligeuzwa kila Jumatatu na kumwagiliwa. Unyevu tulipima kwa kufinya konzi ya udongo: ukishikana bila kutoa tone, unatosha. Kipimajoto kilisoma nyuzi 26 ndani ya tuta wiki ya kwanza, na nyuzi 26 wiki ya tano. Ndipo vibarua waliposema wadudu wamegoma.

Wiki ya sita maabara ilileta 15,900. Kutoka 17,400 hadi 15,900! Mzee aliagiza soda kwa wote, nami nikanywa yangu. Usiku nikakaa na karatasi. Sampuli ya mwanzo ilichukuliwa kabla ya kuchanganya. Tangu hapo tulikuwa tumeongeza kama tani 2 za maranda na tani 1.5 za samadi kwenye tani 48. Kwa kuchanganya tu, bila bakteria hata mmoja kufungua kinywa, 17,400 inashuka hadi 16,200. Zilizobaki ni 300, na tofauti kama hiyo unaweza kuipata ukichota kijiko kwenye kona nyingine ya tuta lile lile. Kwa wiki sita hatukuwa tumesafisha kitu. Tulikuwa tumezimua.

Asubuhi nilimwambia Mzee. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi soda zile ni deni lako."

## Mgomo unavunjwa

Kwa pH ya 8.3 yurea haikufaa tena. Tulichagua salfeti ya amonia, ile inayoitwa SA madukani, ambayo ina naitrojeni asilimia 21 tu lakini hushusha pH kadiri inavyotumika. Magunia 6 yangetoa kilo 63. Hatukuyamwaga yote, kwa sababu chumvi nyingi kwa mkupuo huwakausha bakteria wale wale unaotaka kuwalisha. Magunia 2 yaliyeyushwa kwenye mapipa ya maji, yakanyunyizwa wakati wa kugeuza, na matuta yakafunikwa papo hapo. Baada ya wiki mbili, mawili mengine. Kisha mawili ya mwisho.

Siku ya sita baada ya dozi ya kwanza kipimajoto kilisoma 31. Wiki ya tatu kilifika 38. Harufu ya dizeli ilianza kurudi nyuma, ikaja ile ya udongo ulionyeshewa. Wiki ya 12 maabara ilisoma 7,200, na safari hii hakukuwa na kitu kilichoongezwa cha kuzimua. Nilijilipia deni la soda.

## Mvua

Mvua za Oktoba zilikuja na upepo wa ziwani. Turubai la Tuta la Pili lilichanika usiku, na kwa kuwa mvua ilikuwa ya siku nyingi mfululizo na nilikuwa nje ya mkoa, tuta lilikaa limeloa karibu wiki mbili. Msimamizi alilifunika juu, lakini maji yalikuwa yameshajikusanya chini, juu ya turubai la sakafu, maana hatukuliwekea mteremko wa kutoa maji. Niliporudi, koleo lilitoa harufu ya yai viza. Maranda laini yalikuwa yameshikamana kama uji. Hewa ilikuwa imekatika.

Tulilibomoa lote, tukaweka tabaka la matete na kokoto chini, tukalijenga upya na pumba za mpunga kidogo. Pumba hizo nazo zimezimua kidogo, na hilo lihesabiwe katika matokeo yafuatayo.

## Madoa mawili yasiyoliwa

Udongo wa oili ulipangwa kwenye tuta lake dogo na kulishwa sawa na mengine. Nilitaka kuona. Oili ya injini ni minyororo mirefu na pete zilizofungamana, na iliyotumika hubeba pia vyuma kutoka ndani ya injini. Bakteria hula vipande vyepesi, vizito wanaviacha.

Udongo wa betri haukuguswa na mbinu hii kabisa. Dizeli ni chakula kwa sababu imejengwa kwa kaboni na haidrojeni, na mwisho wake ni hewa ukaa na maji. Risasi ni elementi. Hakuna kiumbe anayeweza kuivunja iwe kitu kingine. Anaweza kuihamisha tu.

Mzee alikuwa amesikia kwamba alizeti hunyonya sumu, na akataka tupande. Hadithi ina msingi. Alizeti zilitumika karibu na Chernobyl, kule Ukraine kulikolipuka kinu cha nyuklia, zikielea kwenye bwawa, mizizi ikinyonya chembe zenye mionzi kutoka kwenye maji. Risasi iliyomo kwenye mfinyanzi ni habari nyingine, kwa kuwa imeshikwa sana na udongo, mizizi hupata kidogo mno, na kile kidogo kinaishia kwenye shina ambalo mbuzi wa mtaa watalifikia kabla yako. Nilimkumbusha Zamfara, Nigeria. Mwaka 2010 risasi ya machimbo ya dhahabu iliua mamia ya watoto wadogo huko. Vijiji vilisafishwa kwa kukwangua na kuondoa udongo wa juu. Toroli zetu kumi zilifungwa kwenye mapipa yenye mifuniko, zikawekwa chini ya paa na kukabidhiwa mbebaji mwenye kibali cha taka hatarishi. Ilichukua miezi minne kumpata, na hiyo ndiyo sehemu iliyokula simu zangu zaidi.

## Matokeo ya wiki ya 24

Lengo la kazi tulilokubaliana, kwa ajili ya maegesho, lilikuwa chini ya 2,000. Tuta la Kwanza lilisoma 1,300. Tuta la Pili, lile lililoloa, 2,900. Tuta la oili lilishuka kutoka 31,000 hadi 22,000 na kusimama.

Sambamba na maabara tuliotesha mahindi, mbegu 20 kwenye makopo. Kwenye udongo wa siku ya kwanza ziliota 3. Wiki ya 12 ziliota 13, na wiki ya 24, kwenye Tuta la Kwanza, 18. Udongo safi wa nje ya yadi uliotesha 19.

Tuta la Kwanza lilirudishwa shimoni. Tuta la Pili liliongezewa wiki nane, likafika 1,800, nalo likarudi. Bustani ya mboga haikuruhusiwa. Mahindi kuota ni ushahidi kwamba sumu ya mizizi imepungua. Si ushahidi kwamba mchicha wa pale ni wa kulisha watoto, hasa hatua chache kutoka penye betri. Upande ule imepandwa migomba ya mapambo, na Mzee hajanisamehe.

## Uchambuzi

Kilichookoa kazi hii kuliko vyote ni kuyatenga madoa matatu kabla ya koleo la kwanza. Vibarua walikuwa tayari kuchanganya vyote kwenye matuta, na kwa siku moja tungepata tani 50 za udongo wenye risasi, ambao hakuna bakteria wala mbebaji angeupokea. Tulifika hapo kwa kumbukumbu ya kijana aliyepasua betri kwa mikono yake. Vishimo 11 vilikuwa vimelipita doa lile pembeni. Tangu kazi hii, kabla ya kuchimba popote huwauliza kwanza waliowahi kufanya kazi pale, hasa waliohamishwa au kuachishwa.

Kuhusu wiki sita zilizopotea, ni rahisi kuyalaumu majivu. Majivu hayakuwa kosa, udongo wa pH 5.2 ulihitaji kitu. Yalipaswa kutangulia kwa wiki mbili, kidogo kidogo, pH ikipimwa kila mara, na samadi ifuate ikishatulia karibu na 6.5. Lakini kosa lenye uzito zaidi ni kwamba tulikuwa na ishara tatu za bure na hatukuzisoma. Joto la tuta halikupanda. Harufu haikubadilika. Amonia tuliinusa kwa pua zetu, na hatukurudi kwenye karatasi kuitoa kwenye hesabu. Tulisubiri maabara ituambie, na maabara ilipozungumza ilitudanganya, kwa sababu tuliipa sampuli mbili zisizolingana. Sampuli ya kuanzia ingechukuliwa baada ya kuchanganya, jibu la wiki ya sita lingesomeka kama lilivyo.

Kukataa madumu ya bakteria bado naona ilikuwa sahihi, na wiki zile sita zinathibitisha hilo. Bakteria wa pale walitulia wakati naitrojeni haipo, na ndani ya siku sita za kuipata wakaamka wenyewe. Bakteria wa dumu wangekuta njaa ile ile. Ningefikiria tofauti kama dizeli ingekuwa imemwagika jana yake, au udongo ungekuwa umeungua.

Tuta la Pili halikuhitaji utaalamu wowote kuliokoa. Lilihitaji mteremko chini yake, kitu ambacho kila anayeanika dagaa Kigoma anakijua, na mtu mmoja mwenye ruhusa ya kununua turubai jipya bila kunipigia simu. Msimamizi alisubiri idhini yangu siku nne. Hilo nalihesabu kama kosa la mpangilio wangu kuliko la mvua.

Kwa gharama, maabara na usafiri wa sampuli vilizidi mbolea, samadi na turubai kwa pamoja. Safari nyingine ningepunguza sampuli za katikati, nikategemea kipimajoto, chupa ya maji na makopo ya mahindi, nikabakiza maabara kwa mwanzo, mara moja tu katikati, na mwisho.

Tuta la oili bado lipo, chini ya turubai, nyuma ya mtaro. Kuna kuvu, wakiwemo uyoga wa mamama unaooteshwa kwenye majani makavu, wenye vimeng'enya vya kuvunja pete ngumu kama zile, na nimeshaandaa mfuko mmoja wa kujaribu kwenye ndoo tatu, mvua zikipungua, uyoga wake usiliwe na mtu. Mzee anataka kumwaga zege juu yake, yaishe. Sijakubali, naye hajaacha kuuliza.